Ndevu zenye mvi kidevuni kwa mwanamke: je, ipo njia ya kuziondoa moja kwa moja?

Mwalimu wa Kiboriloni (Moshi) aliuliza:

Wanajukwaa, nawasalimu nyote. Mimi ni mwanamke wa miaka 57, mwalimu niliyestaafu kwa hiari, na naomba ushauri juu ya jambo ambalo nimelibeba peke yangu kwa karibu miaka tisa.

Hedhi yangu ilipoanza kuyumba, ziliniota ndevu mbili tatu chini ya kidevu, nyeusi na nene. Nilizing'oa kwa kibano nikadhani yamekwisha. Leo ziko nyingi kiasi kwamba nimeacha kuzihesabu. Zimeenea kidevuni na pembeni mwa taya, na chache ziko juu ya mdomo. Nyingi zimekuwa nyeupe kabisa na ngumu kama nyuzi za mswaki, ingawa nyeusi bado zipo. Kila asubuhi, kabla mtu mwingine wa nyumbani hajaamka, nakaa dirishani upande wa mashariki na kioo kidogo na kibano, nikizitafuta kwa nusu saa au zaidi. Ugumu wa nywele nyeupe ni kwamba ndani ya nyumba hazionekani, lakini ukitoka juani, hasa kwenye ngozi nyeusi kama yangu, zinang'aa. Mara mbili nimezigundua kwa vidole nikiwa tayari nimeketi kanisani, na ibada nzima nikaimaliza nimefunika kidevu kwa mkono.

Nimejaribu kuzitoa kwa uzi, nimejaribu sukari iliyochemshwa na ndimu, nimetumia krimu ya kunyolea ambayo iliniunguza juu ya mdomo. Yote hayo hunipa siku chache tu. Badala yake nimebaki na madoa meusi na vipele kidevuni, na baadhi ya ndevu sasa huotea ndani ya ngozi, hata inanibidi nizichokonoe kwa pini, jambo ambalo najua si jema.

Saluni moja imenishauri nilipie awamu sita za leza, na jirani yangu anasisitiza nipake papai bichi na manjano. Mpwa wangu amenieleza kwamba huko nje ya nchi hutumia sindano yenye umeme. Maswali yangu ni haya. Je, leza inaondoa nywele zenye mvi? Je, hiyo sindano ni ya kweli, na ngozi nyeusi inaistahimili? Nauliza hili kwa sababu ndugu yangu wa tumbo moja alitoboa masikio akaota keloidi, yaani makovu yaliyovimba, kubwa pande zote mbili. Na mwisho, je, nimwone daktari kwanza, au hili ni jambo la umri tu? Nitashukuru kwa majibu ya mtu aliyepitia mwenyewe au mwenye elimu ya jambo hili.

Dada wa Njiro (Arusha) alijibu:

Mwalimu, shikamoo. Nimesoma maneno yako mara mbili, kwa sababu sehemu kubwa ya uliyoyaandika ni maisha yangu mwenyewe, isipokuwa mimi nina miaka 46 na ndevu zangu zilikuwa mchanganyiko, pengine nusu nyeusi na nusu nyeupe. Nakuomba sana usilipie hizo awamu sita kabla hujapata majibu ya kutosha hapa.

Mwaka juzi nililipia leza kwenye kituo kimoja ambacho sitakitaja. Nilimwonyesha mhudumu kidevu changu, nikamuuliza waziwazi kama mashine yake inafanya kazi kwenye mvi, naye akanijibu kwamba inafanya kazi kwenye nywele zote. Kufikia awamu ya nne nywele nyeusi zilikuwa zimepungua sana, na hilo nalisema kwa haki, lakini hapakuwa na unywele mweupe hata mmoja uliopungua. Nilipolalamika, niliambiwa nizipake rangi nyeusi ya nywele siku moja kabla ya kuja, ili mashine izione. Nilifanya hivyo mara mbili. Rangi ile ilinibabua, nikakaa wiki nzima na kidevu kilichovimba, na zile nyeupe zikaendelea kuota kama kawaida yake. Nilipomaliza awamu ya sita nilikuwa na ndevu nyeupe tupu, tena zilizoonekana zaidi kuliko mwanzo, kwa kuwa zile nyeusi zilizokuwa zikizichanganya zilikuwa zimeondoka.

Fedha iliniuma, lakini kilichoniuma zaidi ni kwamba niliuliza swali sahihi kabla ya kulipa, na mtu aliyekuwa na wajibu wa kujua akanijibu kwa uhakika jambo lisilo kweli. Kwa hiyo, Mwalimu, hao waliokushauri waulize jambo moja: wakuandikie kwenye risiti kwamba nywele nyeupe zitaondoka. Nadhani hawatakubali.

Tabibu wa Ngozi (Moshi) alijibu:

Mwalimu, shikamoo. Dada wa Njiro, pole sana kwa yaliyokupata. Mimi ni tabibu wa magonjwa ya ngozi. Mafunzo yangu niliyapata hapa hapa Moshi, kwenye Kituo cha Kanda cha Mafunzo ya Magonjwa ya Ngozi kilichopo hospitali ya KCMC, ambacho tangu mwaka 1992 kimekuwa kikiwafundisha watabibu kutoka nchi mbalimbali za Afrika. Nitaeleza kwa urefu kidogo, kwa sababu mtu akielewa kwa nini kitu hakifanyi kazi ni vigumu kuuziwa tena.

Mwanga wa leza hautafuti unywele, unatafuta rangi. Melanini, yaani ile rangi nyeusi iliyomo ndani ya unywele, huufyonza mwanga huo na kuugeuza kuwa joto, na joto hilo ndilo linalounguza shina lililo chini ya ngozi. Mvi ni unywele ambao seli za kutengeneza melanini kwenye shina lake zimekoma kufanya kazi. Mwanga ukifika hapo haukuti kitu cha kuufyonza, basi unapita, hata mashine iwe ya bei gani na hata awamu ziwe ishirini. Kupaka rangi hakusaidii kwa sababu rangi ya dukani hukolea kwenye sehemu ya unywele iliyo nje ya ngozi. Haishuki milimita kadhaa hadi kwenye shina, na hapo ndipo panapotakiwa kuunguzwa. Watafiti wamewahi kujaribu hata kuingiza melanini kwenye vitundu vya nywele kwa njia za kitaalamu, na matokeo hayakuwa ya kutegemewa.

Niongeze kwamba kwa ngozi yetu leza inahitaji uangalifu wa pekee hata pale ambapo nywele ni nyeusi, kwa kuwa ngozi yenyewe ina melanini nyingi na inaweza kuufyonza mwanga uliokusudiwa unywele. Aina iliyo salama zaidi kwa ngozi nyeusi ni Nd:YAG, ambayo mwanga wake una urefu wa wimbi wa nanomita 1064 na hushuka chini zaidi bila kukamatwa sana na rangi ya juu ya ngozi. Vile vifaa vidogo vya mwanga vinavyouzwa mtandaoni kwa matumizi ya nyumbani visiguse uso wako: vingi vimetengenezwa kwa watu wenye ngozi nyeupe na nywele nyeusi, na kwenye ngozi kama yetu huacha malengelenge na mabaka.

Sasa hiyo sindano. Ni ya kweli, na ni ya zamani kuliko watu wengi wanavyofikiri. Inaitwa elektrolisisi. Mwaka 1875 daktari wa macho wa Marekani, Charles Michel wa mji wa St. Louis, alieleza jinsi alivyoitumia kuondoa kope zilizoota kuelekea ndani na kukwaruza macho ya wagonjwa wake. Hadi leo Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani inaitambua elektrolisisi peke yake kuwa ndiyo inayoondoa nywele kwa kudumu, wakati leza inaruhusiwa kutangazwa kuwa inapunguza nywele kwa kudumu. Maneno hayo mawili, kuondoa na kupunguza, yana tofauti kubwa, na matangazo mengi huyachanganya.

Elektrolisisi haijali rangi hata kidogo. Mtaalamu huingiza sindano nyembamba kama unywele ndani ya kitundu ambamo udevu unatokea, bila kutoboa ngozi, kisha hupitisha umeme mdogo hadi kwenye shina. Zipo namna tatu. Ya kwanza ni ile ya asili, inayotumia umeme wa mkondo mmoja: umeme huo hubadili chumvi na maji yaliyomo ndani ya kitundu kuwa kemikali ileile ambayo watengenezaji wa sabuni wanaijua kwa jina la kostiki soda, na hiyo ndiyo inayoliyeyusha shina. Ni ya uhakika lakini ni ya polepole. Ya pili hutumia mawimbi ya redio kuzalisha joto, na humaliza udevu mmoja kwa sekunde chache tu. Ya tatu huchanganya hizo mbili kwa pamoja, na ilibuniwa Marekani katika miaka ya 1940.

Hapa ndipo ninapotaka Mwalimu asome kwa makini. Nywele zetu za kipilipili zimejikunja hata chini ya ngozi, mahali ambapo jicho halifiki. Sindano iliyonyooka ikiingia kwenye kitundu kilichopinda, ncha yake inaweza isifike kwenye shina, na joto la mawimbi ya redio likaunguza pembeni bila kugusa panapohusika. Kemikali ile ya kostiki ni kimiminika, kwa hiyo hufuata mkunjo wa kitundu hadi chini. Ndiyo maana wataalamu wengi hupendelea namna ya mchanganyiko kwa watu wenye nywele zilizojikunja, na ndiyo maana mtu aliyezoea kuhudumia Wazungu pekee anaweza kukuhudumia vibaya bila kukusudia. Kung'oa kwa kibano miaka mingi kunaongeza tatizo hilo, kwa sababu kila unapong'oa unakivuruga kitundu, nacho hupona kikiwa kimepinda zaidi. Hizo ndevu unazozichokonoa kwa pini ni matunda ya jambo hilohilo. Tafadhali liache, maana madoa meusi uliyo nayo hayatokani na ndevu, yanatokana na majeraha madogo yanayorudiwa kila siku.

Papai bichi na manjano haviui shina la unywele. Papai bichi lina kimeng'enya kinachoweza kubabua ngozi ya uso, na juu ya ngozi iliyokwisha kujeruhiwa linaongeza madoa.

Ipo dawa moja ya kupaka ambayo nayo haijali rangi. Inaitwa eflornithine, na mwaka 2000 iliidhinishwa Marekani kwa ajili ya ndevu za wanawake. Ina historia ya kuvutia kwetu Waafrika, kwa kuwa kabla ya hapo ilikuwa dawa ya kutibu malale, ile aina ya Afrika ya Magharibi na ya Kati, ambayo ni tofauti na malale inayoletwa na mbung'o wa mbuga zetu. Huzuia kimeng'enya ambacho unywele unakihitaji ili ukue, basi unywele huota polepole na kwa udhaifu. Hupakwa mara mbili kwa siku, matokeo huonekana baada ya takriban wiki nane, na ukiacha kuipaka ndevu hurudia kasi yake ya zamani ndani ya muda kama huo. Kwa hiyo haijibu swali lako la kudumu, ila inaweza kumpumzisha mtu anayesubiri matibabu mengine, kama daktari wake ataona inamfaa.

Kuhusu daktari, jibu langu ni ndiyo, nenda. Kwa maelezo yako, ndevu zilizoanza na kuyumba kwa hedhi na kuongezeka taratibu kwa miaka tisa zinaelekea kuwa jambo la kawaida la kukoma hedhi: homoni za kike hushuka sana, zile za kiume ambazo kila mwanamke anazo kidogo zikabaki na nguvu zaidi kwa uwiano. Lakini kama ndevu zimezidi ghafla ndani ya miezi, kama sauti imekuwa nzito, kama nywele za utosini au za mbele zinakatika kwa namna ya wanaume, basi hilo linahitaji vipimo vya homoni na uchunguzi wa ovari na tezi zilizo juu ya figo, bila kuchelewa. Mwambie pia dawa zote unazotumia, kwa sababu baadhi ya dawa, zikiwemo za kundi la steroidi, huotesha nywele. Sababu nyingine ya kuanza na daktari ni kwamba elektrolisisi huua shina moja moja. Haizuii homoni kuamsha mashina mengine yaliyolala. Mtu asiyetibu chanzo anaweza kudhani matibabu yameshindwa, kumbe zinazoota ni ndevu mpya kabisa.

Kinyozi wa Kilombero (Arusha) alijibu:

Shikamoo Mwalimu, na asante Tabibu kwa maelezo hayo. Mimi ni kinyozi, nina miaka kumi na sita kwenye kazi hii, na wateja wangu ni wanaume, lakini nadhani ninalo la kuchangia kuhusu kipindi cha kusubiri.

Watu wengi huamini kwamba ukinyoa udevu unarudi ukiwa mnene zaidi, au kwamba ukinyoa mmoja zinaota saba. Katika kazi yangu sijawahi kuona hivyo. Udevu ulionyolewa hukatwa katikati, basi unaporudi ncha yake ni butu na huchoma kidole, ndiyo maana huonekana mnene. Shina halikuguswa.

Kinacholeta vipele kwa watu wenye ndevu zilizojikunja ni kunyoa kwa kukaribia mno. Wembe wenye makali mengi huuvuta udevu na kuukata chini ya usawa wa ngozi, nao unapokua hujikunja na kuingia ndani. Wateja wangu wenye vipele huwa nawanyoa kwa mashine bila kugandamiza, nikiacha milimita moja hivi, na wengi wao hutulia ndani ya wiki chache. Mwanamke anaweza kutumia mashine ndogo ya kupunguzia nyusi, inayotumia betri, ambayo haigusi shina na haijeruhi ngozi. Ndevu nyeupe zilizokatwa fupi hivyo hazionekani hata juani, isipokuwa mtu akikusogelea sana. Ukimpa kinyozi mashine yako akufanyie, hakikisha imefutwa kwa spiriti mbele yako, na usikubali wembe uliokwisha kutumika kwa mtu mwingine.

Mwalimu wa Kiboriloni (Moshi) aliandika:

Wanangu, Mungu awabariki. Sikutarajia kujibiwa kwa heshima hivi. Tabibu, umenieleza katika jioni moja yale niliyoyatafuta kwa miaka. Nina maswali mawili yaliyobaki. La kwanza, maumivu yake yakoje, na inachukua muda gani hadi mtu aseme amemaliza? La pili ni lile la keloidi, ambalo ndilo linaloninyima usingizi, kwani kubadilisha ndevu kwa makovu yaliyovimba usoni kungekuwa hasara kubwa zaidi.

Mama Wawili wa Sakina (Arusha) alijibu:

Shikamoo Mwalimu. Mimi nimepitia elektrolisisi, kwa hiyo nitajibu la maumivu na la muda kwa yale yaliyonipata mimi, nikijua kwamba ngozi hazifanani.

Niliifanya Nairobi, kwa sababu dada yangu anaishi huko na alimfahamu mtaalamu aliyekuwa akihudumia wanawake Waafrika. Nilikuwa napanda basi la asubuhi kupitia Namanga, nalala kwa dada usiku mmoja, na kurudi kesho yake. Mwanzoni nilikwenda kila baada ya wiki mbili, kisha kila mwezi, na mwishoni kila baada ya miezi miwili au mitatu. Jumla ilinichukua mwaka mmoja na miezi minane, na ndevu zangu zilikuwa kidevuni tu. Mtaalamu alinieleza tangu siku ya kwanza kwamba kwa wakati wowote sehemu ya nywele huwa zimelala chini ya ngozi na hazina shina hai la kuunguzwa, hivyo lazima kusubiri ziamke. Mtu anayekuahidi kumaliza kwa awamu tatu anakudanganya.

Maumivu yapo, sitakuficha. Kila udevu ni kama kuchomwa na kiberiti kwa nukta ndogo, na juu ya mdomo ni pabaya zaidi kuliko kidevuni. Krimu ya ganzi iliyopakwa saa moja kabla ilinisaidia sana, nayo niliandikiwa na daktari. Awamu zangu za mwanzo zilikuwa za nusu saa, kwa sababu sikuweza zaidi. Baadaye nilifikia saa nzima. Baada ya awamu ngozi ilikuwa nyekundu na kuvimba kidogo hadi usiku, na siku ya tatu vilitokea vigaga vidogo ambavyo niliambiwa nisivibandue kabisa. Nilivibandua mara moja tu, na doa lililobaki hapo lilichukua miezi mitano kufifia.

Yapo mambo mawili ambayo mtaalamu mzuri nilimtambua kwayo. Kwanza, kila awamu alifungua pakiti ya sindano mpya mbele ya macho yangu, na kwa hili usikubali udhuru, kwa ajili ya homa ya ini na virusi vya Ukimwi. Pili, udevu ukishapitishiwa umeme ipasavyo, unatoka wenyewe kama uzi kwenye siagi. Ukihisi unavutwa, yaani uchungu uleule wa kibano, ujue shina halikufa na umelipia kung'olewa tu. Mara ya kwanza nilipohisi hivyo nilimwambia, naye akashukuru na kurekebisha mashine.

Jambo lililokuwa gumu kwangu kuliko maumivu ni kuacha kibano. Ili sindano ifuate njia, lazima udevu uwepo umesimama, umekua milimita mbili tatu juu ya ngozi. Kati ya awamu niliruhusiwa kukata kwa mkasi au kunyoa, kisha kuacha kwa siku tatu kabla ya safari. Siku hizo tatu nilivaa mtandio hadi kidevuni na kutoka nyumbani kidogo iwezekanavyo. Leo ni mwaka wa tatu tangu nimalize. Zilizoota tena ni nne, mbili nyeupe na mbili nyeusi, nazo nitazirudia nikienda kumsalimia dada.

Tabibu wa Ngozi (Moshi) alijibu:

Mama Wawili ameeleza vizuri kuliko ambavyo ningeweza. Nijibu la keloidi.

Historia ya ndugu wa tumbo moja ina uzito, kwa sababu mwelekeo wa keloidi hurithiwa, na mstari wa taya ni moja ya sehemu ambazo keloidi hupenda kutokea. Hilo halikufungii mlango. Angalia kwanza mwili wako mwenyewe: ulitoboa masikio, pengine ulichanjwa begani, pengine ulifanyiwa upasuaji wakati wa kujifungua. Kama makovu hayo yote yamelala bapa, hiyo ni dalili njema. Kama hata moja limevimba na kuvuka mipaka ya jeraha lake, mweleze daktari kabla ya jambo lolote, na huenda ushauri ukawa kubaki na mashine ndogo aliyoitaja Kinyozi na ile dawa ya kupaka ya eflornithine. Ukiruhusiwa, omba mtaalamu ajaribu kwanza ndevu chache tu mahali palipojificha chini ya taya, halafu msubiri miezi mitatu, kwa maana keloidi haina haraka. Inaweza kuanza miezi baada ya jeraha kupona. Mtaalamu atakayekasirika kwa ombi hilo, mwache.

Mambo mengine mawili mafupi. Mwenye kifaa cha kuratibu mapigo ya moyo asifanyiwe elektrolisisi bila idhini ya daktari wake wa moyo. Na madoa uliyo nayo usiyatibu kwa krimu za kung'arisha ngozi zinazouzwa kwa kificho, zenye haidrokwinoni, zebaki au steroidi, ambazo nchini kwetu zimepigwa marufuku kwenye vipodozi. Mbali na madhara yake mengine, steroidi hizo zinaweza kuongeza nywele mahali palepale unapozipaka. Jikinge na jua tu, kofia pana na mafuta ya kujikinga, na madoa mengi yatafifia yenyewe ukishaacha kibano na pini.

Mwalimu wa Kiboriloni (Moshi) aliandika:

Nimekwenda kwenye kioo na kuyaangalia makovu yangu yote kama Tabibu alivyoelekeza. La upasuaji wa mtoto wa pili limelala kabisa, na masikio yangu hayana kitu, ila la chanjo begani limeinuka kidogo, nami sijui kama hiyo ni keloidi au la. Nitamwonyesha daktari wa kliniki ya ngozi siku ya Jumanne, pamoja na orodha ya dawa zangu za presha. Saluni nimeijulisha kwamba sitalipia leza. Mjukuu wangu amekwenda kuninunulia ile mashine ndogo ya betri, na kibano nimempa yeye akiweke mahali ambapo sitakipata. Leo ni siku ya tano sijang'oa, na vipele viwili vimeanza kukauka. Nikitoka kwa daktari nitarudi hapa kuwaeleza alichosema kuhusu lile kovu.